Swali la Tatu

Jina lake la kubatizwa lilikuwa Selmer Brekke, lakini kwa miaka arobaini mji mzima wa Torvik ulimwita Itafaa. Jina hilo alilipata Januari ya mwaka 1974, siku ambayo bomba la boila, mtambo wa kupashia shule yetu joto, lilipasuka saa nne asubuhi, theluji ikiwa imefika kwenye vizingiti vya madirisha na barabara zote zimefungwa. Fundi wa karibu alikuwa maili hamsini. Mwalimu mkuu alikwisha kuwaamuru watoto wavae makoti madarasani. Selmer, ambaye ndiye aliyekuwa mhudumu wa majengo, alishuka stoo yake ya shuleni, akarudi na mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, mkanda wa suruali na mfuniko wa kopo la haradali. Mfuniko huo mwalimu mkuu alikuwa ameuona wiki moja kabla, Selmer alipouokota katika pipa la jikoni, akamwuliza mbele ya watoto, "Na hicho nacho cha nini, Selmer?" Naye akajibu kama alivyojibu siku zote: "Itafaa."

Bomba lile lilishika mpaka Aprili. Watoto wakampa jina, na kwa muda mrefu lilikuwa jina la heshima. Mtu aliyepoteza kifungo, bawaba au ufunguo wa kabati alielekezwa aende kwa Itafaa. Nilifundisha katika shule hiyo miaka ishirini na tisa, na sikumbuki hata siku moja mtu aliyekwenda kwake akarudi mikono mitupu.

Jambo ambalo wengi hawakulijua ni habari ya glavu. Watoto wa huku huvaa glavu za sufu zenye nyumba moja kwa vidole vinne na nyumba nyingine kwa dole gumba, na mtoto mdogo hupoteza moja kila mwezi. Ile iliyobaki haina kazi. Kila Ijumaa Selmer alikusanya glavu zilizobaki pweke katika sanduku la vitu vilivyopotea, akazipeleka nyumbani kwa mkewe, Ardis. Ardis aliitazama kila moja, akatafuta uzi wa rangi ile ile, akaifumia mwenzake. Jumatatu asubuhi jozi kamili ilikuwa inaning'inia kwenye msumari karibu na boila, na mwenyewe aliichukua bila kuulizwa chochote. Watoto wa darasa la kwanza waliamini kabisa kwamba glavu iliyopotea ikilala karibu na boila huzaa pacha. Nami sikuwasahihisha.

Mwaka 1996 shule yetu ilifungwa, kwa kuwa watoto walikuwa wamepungua, nao wachache waliobaki wakapelekwa kwa basi katika shule ya mji mwingine. Baraza la shule liliamua kwamba vitu vyote vilivyomo vitupwe. Selmer hakupinga, hakuwa mtu wa kupinga. Alileta gari lake la mizigo, na kwa wiki tatu akavihamishia nyumbani kwake. Alichukua madawati arobaini na mawili, ramani, tufe la dunia, kengele, katoni za chaki, vikombe vya michezo, magodoro ya mazoezi, na milango sita. Ghala likajaa kwanza, kisha chumba cha chini ya nyumba, kisha sebule, kisha korido. Wahenga walisema akiba haiozi. Wahenga hao hawakuwahi kuweka magodoro ya mazoezi katika chumba kinachoingia maji.

Ardis aliishi humo miaka saba bila kulalamika mbele za watu. Lile sanduku la vitu vilivyopotea nalo lilikuwa limehamia kwake, likiwa na glavu kumi na tisa zisizo na wenzao, na aliendelea kuzifumia pacha jioni baada ya jioni, ingawa hapakuwa tena na mtoto wa kuzidai. Novemba ya 2003 alijikwaa koridoni kwenye mguu wa dawati, akavunjika nyonga. Hakurudi kutoka hospitali. Selmer alizitia glavu zote katika boksi la buti, pamoja na ile nyekundu yenye mstari mweupe ambayo mwenzake alikuwa amefika nusu, sindano mbili za kufumia zikiwa bado zimo. Alilifunga boksi kwa kamba ya pazia, akaliweka kitandani upande aliokuwa akilala Ardis. Kila kitu kingine ndani ya nyumba ile kilikuwa kimelaliwa na kitu kingine juu yake. Boksi hilo peke yake halikulaliwa na chochote.

Ndipo jina Itafaa likaanza kuchachuka. Watu waliopita mbele ya nyumba yake walilitamka huku wakitikisa kichwa. Kisha Machi ya 2014 moshi ulirudi ndani kutoka kwenye dohani, wazimamoto wetu wa kujitolea wakaja mbio, na hawakuweza kupita zaidi ya hatua mbili kutoka mlangoni. Moshi uliisha wenyewe. Lakini barua ya baraza la mji ilifuata. Nyumba iwe imetolewa vitu na kukaguliwa ifikapo Ijumaa, tarehe thelathini Mei. Isipofaulu, itafungwa na kubomolewa, na Selmer, mwenye umri wa miaka themanini na miwili, atapelekwa katika nyumba ya wazee ya mji wa kaunti.

Nilipomtembelea alikuwa ameiweka barua ile juu ya meza, au tuseme juu ya vitu vilivyokuwa juu ya meza.

"Nyumba ya wazee wana chumba kimoja kwa kila mtu," aliniambia. "Kitanda kimoja. Chembamba."

"Unataka kubaki hapa, Selmer?"

"Aa, mimi ni nani wa kutaka."

"Lakini unataka?"

"Watu watasumbuka bure."

"Selmer, unataka kubaki?"

Alitazama mikono yake. "Ikiwa si tabu kwa mtu," alisema, "ningependa kufia kitandani kwangu."

Hapa sina budi kueleza jambo moja, kwa kuwa kila kilichotokea baadaye kilitoka humo. Sisi wa Torvik, ambao babu zetu walitoka Norwe, hatupokei kitu tunapoulizwa mara ya kwanza. Mgeni akiulizwa kama atakunywa kahawa atasema hapana, usijisumbue. Akiulizwa mara ya pili atasema ametoka kunywa sasa hivi. Mara ya tatu ndipo atakapokubali nusu kikombe, naye atajaziwa kikombe kizima. Anayekubali upesi huonekana mlafi. Anayeuliza mara moja tu huonekana kwamba hakukusudia kutoa. Hakuna aliyetufundisha adabu hii kwa maneno. Tuliinyonya pamoja na maziwa.

Binti yake wa pekee, Janelle, alikuja kwa ndege kutoka Phoenix, mbali kusini mwa nchi, Jumamosi ya katikati ya Mei, akiwa na likizo ya wiki mbili. Alikuwa ameondoka kwetu akiwa na miaka kumi na tisa, na sasa alikuwa na hamsini na sita, mwembamba, mwepesi wa hatua, mwenye ratiba katika simu yake. Nilimfundisha hesabu. Alisimama mlangoni pamoja nami na jirani yao, Phyllis Aune, mjane mwenye moyo mwema na ulimi mkali, akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Mungu wangu," alisema. "Mwalimu, humu mtu anapitaje?"

"Kiubavu," alijibu Phyllis. "Mimi mwenzenu nilinenepa mwaka 2005, tangu hapo sijapaona jikoni."

"Nyinyi semeni tu," Selmer alisema kutoka ndani, bila kuonekana. "Kuna njia. Zunguka ramani ya Afrika, pinda kulia."

"Baba, hata panya humu anahitaji ramani!"

"Panya hawana shida. Wamezoea."

Tulicheka, hata Janelle. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza.

Mpango niliupanga mimi, kwa kuwa maisha yangu yote nimepanga vitu. Stika ya kijani ilikuwa ya kitu kitakachobaki, ya njano ni cha kugawa, nyekundu ni cha kutupa. Kontena kubwa la taka liliwekwa uani, chini ya dirisha la jikoni. Tulikubaliana kwamba hakuna kitakachotupwa bila mwenyewe kuulizwa. Nadhani ulikuwa mpango wa haki.

Ulikuwa pia mpango wa polepole mno. Phyllis alimwinulia Selmer lile tufe la dunia.

"Hili?"

"Aa, la nini tena. Nusu ya nchi zake zimeshakufa."

"Una hakika?"

"Chukueni tu."

"Lakini bado linazunguka, Selmer. Litazame."

"Basi," alisema baada ya kufikiri, "kama halimzibii mtu njia, liwekwe pale pembeni."

Kijani. Dakika nne. Na ndivyo ilivyokuwa kwa kengele, kwa kila ramani, kwa kila katoni. Mimi na Phyllis tuliuliza mara tatu bila hata kujua kwamba tunahesabu. Vitu vingine aliviachia kweli, na mtu wa kwetu hutambua tofauti katika sauti: hapana ya tatu huwa fupi, imekauka. Janelle alifanya kazi mara mbili ya yetu, akabeba madawati peke yake, na wiki ya kwanza ilipokwisha tulikuwa tumemaliza sebule na nusu ya korido. Zilibaki siku sita.

Jumanne jioni, baada ya kula viazi vya kuokwa na jibini alivyoleta Phyllis, Janelle alisukuma sahani yake.

"Sikilizeni. Ijumaa mkaguzi anakuja. Jumapili mimi naondoka. Kwa mwendo huu tutamaliza Krismasi. Kuanzia kesho nauliza mara moja. Ukitaka sema nataka. Hutaki sema sitaki. Umenielewa, Baba?"

"Ni sawa," alisema Selmer.

"Si uniambie ni sawa halafu..."

"Ni sawa, mwanangu. Wewe ndiye unayejua."

"Atakuwa kama karani wa posta," alinong'ona Phyllis.

"Nimekusikia, Bi Phyllis. Karani wa posta anamaliza foleni."

Ni lazima niseme kwa haki kwamba alimwonya waziwazi, na mbele ya mashahidi. Nasema pia kwamba mtu hawezi kuamriwa Jumanne jioni aache kuwa mtu aliyekuwa kwa miaka themanini na miwili, kisha akawa ameacha Jumatano asubuhi.

Jumatano kazi ilikwenda kwa kasi ya ajabu. Mimi nilikuwa koridoni nikiandika orodha ya vitu vya kugawa. Janelle alikuwa chumba cha kulala, Selmer ameketi kwenye kiti mlangoni. Nilisikia sauti zao kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

"Taa hii?"

"Aa, imevunjika."

"Nyekundu. Magazeti haya?"

"Ya zamani tu."

"Nyekundu. Na boksi hili la kitandani? Lina nini?"

Nilisikia kiti cha Selmer kikilia.

"Sufu kuukuu tu," alisema Selmer.

"Unalitaka?"

"Aa, la nini. Usijisumbue."

Nilisikia stika ikibanduliwa. Nilisikia hatua za Janelle zikinipita kuelekea jikoni, na kitu chepesi kikiangukia kontenani kupitia dirishani. Kisha akarudi, akauliza habari ya pazia. Niliendelea kuandika orodha yangu. Katika orodha hiyo, ambayo ninayo mpaka leo, mstari wa wakati huo unasema: vikombe vya michezo, kumi na vinne, vipelekwe maktaba.

Saa sita na nusu tuliketi jikoni kula mikate ya nyama ya nguruwe. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane meza ile ilionekana mbao zake. Selmer aliketi akielekea dirisha. Kontena lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na juu kabisa, mbele ya macho yake, lilikaa boksi la buti lililofungwa kwa kamba ya pazia. Mimi nilikuwa nimeligeuzia mgongo.

"Hilo kontena wanakuja kulichukua lini?" aliuliza.

"Leo. Saa tisa."

"Leo hii?"

"Ndiyo, Baba. Wataleta jingine tupu."

"Mapema hivyo." Alitafuna. "Mvua ikinyesha, vitu vilivyo juu vitaloa."

"Ni taka, Baba. Acha ziloe."

"Ndiyo. Ni kweli." Baada ya muda akasema tena, "Vingine ni vyepesi. Upepo ukija vitapeperuka barabarani."

"Dereva anafunika kwa turubai."

"Haya. Vizuri."

Phyllis alimtazama kidogo, akafungua kinywa, kisha akamwongezea haradali. Mtu wa kwetu akizungumzia hali ya hewa mara mbili katika mlo mmoja, ana neno. Tulilijua hilo mimi na Phyllis, na Janelle pia alilijua zamani. Lakini tulikuwa tumechoka, na kazi ilikuwa inakwenda vizuri.

Selmer hakuondoka jikoni mchana ule. Alikaa kwenye kiti chake akilitazama kontena, kofia yake ikiwa magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Nilipita mara mbili nikamwuliza kama yuko salama, akasema hana neno. Saa tisa kamili lori lilikuja. Dereva alitandika turubai, akafunga minyororo, akaliinua kontena. Selmer alisimama. Alikwenda mpaka dirishani, akaweka kiganja kwenye kioo. Lori lilipopinda kona ya kanisa, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Umeniuliza mara moja tu."

Janelle alikuwa anafagia. "Nini, Baba?"

"Lile boksi. Umeniuliza mara moja."

"Boksi gani?"

"La mama yako. Glavu zake."

Ufagio ulisimama. Nilimwona akilitafuta boksi lile kichwani, kisha nikamwona amelipata.

"Ulisema sufu kuukuu."

"Ni sufu kuukuu."

"Ulisema la nini! Ulisema usijisumbue!"

"Ningesema nini kwa mara ya kwanza, Janelle? Ulitaka nikunyang'anye mkononi?"

"Ndiyo!" alipiga kelele. "Ndiyo, uninyang'anye! Mimi ni mwanao, si mchungaji aliyekuja kunywa kahawa! Miaka yote hiyo tunabembelezana kwenye nyumba hii, unataka, sitaki, unataka, sitaki. Mama alikuambia mara ngapi uyatoe haya madawati? Eti mara ngapi?"

Selmer aliondoa kiganja kwenye kioo.

"Mimi nakujua. Alikuambia mara moja, kwa upole, halafu akanyamaza akisubiri umwulize tena. Ukamwuliza?"

Phyllis alinigusa mkono, tukatoka nje kupitia mlango wa nyuma. Lakini hatukuwa tumefika mbali wakati Selmer alipojibu, na jibu lake tulilisikia.

"Sikumwuliza," alisema.

Dakika chache baadaye Janelle alitoka, akaingia katika gari lake la kukodi, akaondoka kwa kasi kuelekea jalala la kaunti. Alirudi saa kumi na mbili kasoro, viatu na suruali vikiwa na tope mpaka magotini. Walimwambia kwamba mzigo wa saa tisa ulikuwa umekwisha kufukiwa na tingatinga. Alikuwa amewabembeleza mpaka wakamwonyesha mahali, akasimama hapo juu ya udongo ulioshindiliwa. Hayo alinieleza mimi uani akikwangua tope kwa kijiti. Kwa baba yake hakusema kitu, wala baba yake hakumwuliza alikotoka. Alimwekea tu beseni la maji ya moto karibu na mlango.

Alhamisi tulifanya kazi karibu bila kusema. Selmer aliulizwa kila kitu mara moja, na kila kitu alijibu neno moja: "Tupa." Sauti yake ilikuwa ile fupi, iliyokauka. Tufe la dunia lilibanduliwa stika ya kijani. Kengele ilikwenda. Milango sita ilikwenda. Nilijaribu kurudi kwenye desturi yetu.

"Selmer, ramani hizi ni za kitambaa, hazipatikani tena."

"Tupa, Mwalimu."

"Una hakika?"

"Nimeshasema."

Ijumaa mkaguzi alikuja, kijana mpole mwenye ubao wa kuandikia. Alizunguka kwa dakika tisa. Alipima upana wa korido, akafungua na kufunga madirisha, akashuka chumba cha chini, akapanda. Hatua zake zililia katika vyumba kama hatua za mtu kanisani siku ya kazi.

"Hongera, Mzee," alisema. "Umefaulu bila dosari. Nyumba nzuri sana hii. Sikujua kwamba ina nafasi kiasi hiki."

"Nafasi ipo," alisema Selmer.

"Sasa unaweza kukaa hapa kwa amani muda wowote utakao."

"Ndiyo. Kitanda ninacho."

Kijana akadhani ni mzaha, akacheka, akatia sahihi.

Jumapili asubuhi Janelle alipakia mkoba wake. Phyllis alikuwa ameleta keki, nami nilikuwa nimekuja kumuaga. Selmer alisimama barazani amevaa shati la kanisani. Janelle alifunga buti la gari, akarudi mpaka ngazi ya chini, akatazama juu.

"Baba, naweza kubadilisha tiketi. Nibaki wiki moja?"

"Aa, una kazi zako," alisema Selmer. "Usijisumbue."

Nilimtazama Janelle, na nina hakika kwamba alijua. Alisimama pale, mkono kwenye kishikio cha ngazi, na baba yake akasimama juu, akimsubiri. Na nadhani binti naye alikuwa anasubiri, kwa mara moja katika maisha yake, aambiwe nataka. Ndege wa jirani aliimba. Phyllis alitazama keki yake. Mwishowe Janelle alipanda ngazi, akambusu baba yake shavuni, akashuka, akaondoka.

Nilimwacha Selmer siku tatu, kisha nikaenda kumtazama. Mlango ulifunguka mpaka mwisho, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu shule ilipofungwa. Sauti yangu ya kumsalimu ilizunguka kuta, ikanirudia. Alikuwa jikoni, amesimama mbele ya beseni la kuoshea vyombo. Kwenye jiko palikuwa na buli la kahawa, bado linatoa mvuke. Kwenye rafu, ambako zamani palikuwa na mifuniko mia mbili ya makopo, palikuwa na kikombe kimoja, na kingine alikuwa nacho mkononi.

Tulizungumza kidogo. Nilimwuliza kama Janelle amepiga simu, akasema amepiga. Nilimwuliza habari ya usingizi, akasema kitanda ni kipana. Alisema hayo bila huruma kwa nafsi yake, kama anavyosoma mtu kipimajoto.

"Utakunywa kahawa, Mwalimu?"

Nilikuwa nimetembea maili moja katika upepo, na kahawa ilinukia vizuri. "Hapana, Selmer," nilisema, "usijisumbue."

"Haya," alisema.

Alilichukua buli, akamimina kahawa yote iliyobaki katika tundu la beseni, polepole, mpaka tone la mwisho. Alilisuuza. Alikiosha kikombe kilichokuwa mkononi mwake, ndani kwanza, kisha nje, kisha mpini wake. Alikipangusa kwa kitambaa, akakitazama dhidi ya mwanga wa dirisha, akakiweka kwenye rafu kimepinduliwa, kando ya kile kingine, na kati yao akaacha nafasi. Kisha akakamua kitambaa, akakitandaza juu ya ukingo wa beseni, akanyoosha kona zake mbili zikawa sawa.